Likizo Jirani na kwa Mama

Jumamosi, 1 Machi 2025

Tumefika. Mlango wa ndege ulipofunguliwa joto likaniingia mpaka kwenye mifupa, nusura nilie. Si huzuni. Raha tu. Toronto tumeiacha na theluji mpaka kwenye ngazi za nyumba, na mume wangu Wendell ameshuka Montego Bay bado amevaa buti zake za kuendeshea basi.

Hotelini: juisi, taulo baridi la kufutia uso, utepe wa buluu mkononi. Maana ya utepe ni kula, kunywa na kulala bila kuuliza bei ya kitu. Msichana wa mapokezi akaanza kunieleza Jamaika ilivyo — fukwe, chakula, watu wakarimu. Nikamwacha amalize. Pasipoti ni ya Kanada, ningemkatiza vipi? Wendell alinitazama. Mimi nikatazama samaki kwenye tangi la kioo.

Ngoja niandike, maana humu ndimo pekee ninamoweza kusema. Basi la hoteli lilipopita Lucea sikugeuza shingo upande wa milima. Logwood Hill, kwetu, iko huko juu. Kwa teksi hata saa haiishi. Mama yuko huko, na Mama anajua mimi niko kazini Toronto. Mwezi uliopita aliniuliza kwenye simu: Pansy, mwaka huu unakuja? Nikasema kazini wamenikatalia likizo. Tiketi zilikuwa kwenye droo. Akasema haya, Mungu atafungua njia.

Kitanda hiki ni kikubwa kuliko jiko letu. Nalala.

Jumapili, 2 Machi

Nimelala mpaka jua limepanda. Chai nimeletewa kitandani — na mtu mwingine! Mwaka mzima mimi ndiye mpeleka chai, kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi. Nawageuza, nawaogesha, nawalisha uji, nawachana nywele. Mama za watu.

Sasa nijitetee kidogo. Kwenda nyumbani si likizo. Kila ruhusa niliyopata tangu nihamie Kanada nimeimalizia Logwood Hill. Pipa la zawadi la kutanguliza kwa meli linaanza kujazwa miezi kabla: mchele, sabuni, viatu vya kila binamu, na lazima mmoja aseme vinambana. Kanisani nasimamishwa, natambulishwa, nageuzwageuzwa waone kama nimenenepa. Mama anaamka alfajiri kunipikia, mimi naamka kumzuia, tunaishia kugombania sufuria. Wenye shida zao wanapanga foleni mpaka siku ya kuondoka. Narudi Toronto hoi kuliko nilivyotoka. Mwaka huu nilitaka wiki moja nisiwe mtoto wa mtu. Wiki moja. Ni dhambi hiyo?

Alasiri Mama kapiga simu, kama kila Jumapili akitoka kanisani. Muziki wa bwawani ulikuwa unavuma. Nikakimbilia bafuni, nikafunga mlango, nikakaa kwenye ukingo wa beseni na nguo ya kuogelea inachuruzika maji. Akauliza baridi ikoje huko. Nikasema kali sana, Mama. Akasema pole. Kisha: "Vaa soksi, mwanangu."

Akaniambia fundi amemaliza paa, lile lililobebwa na kimbunga. Chumba changu amekipaka rangi. Ijumaa zake siku hizi ana shughuli na kina mama wenzake. Sikuuliza shughuli gani. Nilitaka tu kukata simu kabla kijana wa kipaza sauti kule bwawani hajaanza kutangaza mashindano ya kunywa bia.

Jumatatu, 3 Machi

Kula. Bahari. Kulala. Kula.

Mezani tunakaa na Gordon na Lorraine, mtu na mkewe kutoka Ottawa, wastaafu. Hoteli hii wanakuja kila mwaka, wanasema Jamaika wanaijua vizuri sana. Langoni hawajawahi kutoka. Lorraine akauliza natoka wapi. Toronto. Hapana, kwenu hasa? Toronto, nikasema tena, kwa ile sauti yangu ya kazini ninayozungumza na madaktari. Wendell akajifanya anakohoa.

Jumanne, 4 Machi

Nimepatikana.

Asubuhi kwenye bufee walikuwa na aki, lile tunda letu la kupika, na samaki wa chumvi. Samaki hana chumvi! Wamemlowesha mpaka akasahau alikuwa samaki. Nikala hivyo hivyo, nikala tena. Nilipomaliza nikakwangua mabaki, nikapanga sahani zetu nne moja juu ya nyingine, vijiko juu, nikafuta meza kwa leso ya karatasi. Mkono ulifanya wenyewe.

Mhudumu akaja kuchukua. Msichana mnene wa haya, jina limeandikwa kifuani: Tashoya. Akaziangalia sahani, akaniangalia mimi. Gordon na Lorraine walikuwa wamekwenda kuongeza matunda. Akainama kama anayefuta makombo.

"Samahani, bibie. Wageni hawapangi sahani."

Nikasema mazoea tu.

"Na huo mdomo ni wa Bi Ionie mtupu. Wewe si Pansy, binti yake? Mimi mjukuu wa Bi Dulcie, nyumba ya kona, pale kwenye bomba."

Ningekana. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nikane, na yeye anautazama mdomo wenyewe. Nikasema ndiyo, ni mimi, tafadhali usiseme.

"Mimi? Mimi sina maneno, dada Pansy. Lakini humu ndani Logwood Hill tumejaa. Jikoni wapo, bustanini wapo, kwenye kufulia ndio usiseme." Akazibeba sahani. Halafu akarudi hatua moja. "Sasa Ijumaa utafanyaje?"

Ijumaa kuna nini?

Akanishangaa. "Usiku wa Jamaika. Mama yako si ndiye anayeongoza kina mama wa ngoma ya kwadrili? Anakuja kila Ijumaa. Yeye ndiye anashika kipaza sauti. Kwani hakukwambia?"

Hakuniambia.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Tumeshinda chumbani tukibishana.

Wendell: nenda kamwambie. Nimwambie nini? Ukweli. Kwake kila kitu ni chepesi, kazaliwa Scarborough, mama yake anakaa mtaa wa pili na wanaonana wakitaka kuazimana ngazi. Nikamwambia hujui kwetu. Akasema, mke wangu, nimeoa kwenu, nilikula mbuzi wenu siku tatu. Nikacheka nikiwa bado nimekasirika, jambo linaloudhi sana.

Kinachonisumbua si kukamatwa tu. Ni kwadrili. Nilipokuwa msichana walikuja watu kutafuta watoto wa kucheza bandarini meli za watalii zikitia nanga. Nguo za miraba, kapu la matunda kichwani. Wenzangu wote walikwenda. Mama alinifungia ndani. Alisema kwadrili tunacheza kwenye harusi zetu, hatuchezi mbele ya watu wenye kamera. Alikuwa mpishi wa shule, akivaa aproni iliyonyooka kama karatasi, na hakuwahi kumwinamia mtu. Leo ana miaka sabini na mbili na anakuja kila wiki kuwachezea kina Gordon. Na mimi ndiye ninayemtumia pesa, nikidhani zinatosha. Sikuuliza kama zinatosha. Hiyo nayo inaniuma, tena inaniuma zaidi.

Kwa hiyo yeye kanificha, mimi nimemficha. Nilidhani hilo litanipunguzia hatia. Halijapunguza.

Nimeamua. Kesho naenda. Nitampa nafasi ya kunigombeza kwake, si huku.

Alhamisi, 6 Machi

Nilikwenda. Sikufika.

Yaani nilifika. Sikushuka.

Nilichukua teksi ya njiani nje ya lango, peke yangu, nimevaa gauni la heshima. Dereva mtu wa makamo, kimya, redio ya mpira. Njia ni ile ile, mashimo ni yale yale, yamezaa tu. Kichwani nilikuwa nimepanga maneno yote: Mama, nilichoka. Mama, usikasirike. Mama, Wendell ndiye alikata tiketi — hilo la mwisho nikalifuta.

Nyumba inaonekana kutoka kona ya juu. Paa jipya linang'aa. Uani palikuwa na kina mama wanne, na mmoja wao Mama. Walikuwa wanafanya mazoezi. Kaseti inapiga, Mama anahesabu kwa sauti, anamsukuma jirani yetu Bi Merlene kiunoni, anamwambia si hivyo, wewe unatembea kama unafukuza kuku. Wakacheka mpaka wakashikana. Mama akainua sketi, akawaonyesha hatua. Goti lake analolilalamikia kwenye simu sikuliona likimsumbua. Mara ya mwisho kumwona akicheka hivyo sijui ilikuwa lini. Nikienda nyumbani hachezi. Anapika, na mimi namkataza.

Dereva akasema, "Bibie, tunashuka?"

Maneno yangu yote yalikuwa yananihusu mimi. Hakuna hata moja lililomhusu yeye. Ningeshuka pale, kaseti ingezimwa, sufuria ingetoka, kila mtu angerudi kwenye kazi yake ya siku zote. Hayo ndiyo niliyojiambia. Lakini humu naandika kilicho kweli: niliogopa.

Nikasema turudi. Akanitazama kwenye kioo, akatazama nyumba, akageuza gari. Najua kabisa anajua ile ni nyumba ya nani.

Ijumaa, 7 Machi

Asubuhi. Nimeshaamua, nina kichwa kinauma. Nitakula chumbani. Wendell anasema yeye atakwenda kwenye chakula, hawezi kujifungia kama mwizi kwenye chumba alicholipia. Nikasema akikuona je? Akasema akiniona nitamsalimia, ni mama mkwe wangu.

Baada ya chakula cha jioni.

Nilikwenda. Nilisikia ngoma kutoka dirishani, kisha sauti yake kwenye kipaza sauti. Nikavaa viatu.

Nilikaa mezani petu, Gordon akanivutia kiti. Jukwaani wako wanne na wanaume wawili, gauni za miraba nyekundu na nyeupe, vilemba. Kapu la Mama limejaa matunda ya plastiki. Wamecheza vizuri. Niseme kweli, wamecheza vizuri kabisa, na Bi Merlene hakufukuza kuku hata mara moja. Watu walikuwa wanatafuna.

Kisha Mama akashuka na kipaza sauti kati ya meza, anasalimia wageni. Kila meza utani wake. Mnatoka wapi? Ujerumani, karibuni, mbona mmeungua hivi kama mkate? Watu wanacheka. Anajua kazi yake. Aliposogea meza ya jirani nikawa nahesabu nyuzi za kitambaa cha meza.

Akasimama mbele yangu. Akanitazama usoni. Hakushtuka. Hata ukope haukucheza — na hapo nikajua kwamba anajua.

"Karibu Jamaika, madam," akasema, na sauti ikatoka kwenye spika zote za hoteli. "Ni mara yako ya kwanza?"

Akaniwekea kipaza sauti mdomoni.

Nikasema, "Ndiyo."

Sijui kwa nini. Niliulizwa kama mgeni, nikajibu kama mgeni. Gordon akapiga makofi. Lorraine akasema umepatia kuchagua, mpenzi. Mama akatikisa kichwa taratibu, akasema basi tumtendee vizuri bibie, asije akasema watu wa huku hawana adabu. Watu wakacheka. Akamshika Wendell mkono, akamwinua, wakacheza. Mume wangu na mama yangu, raundi nzima, na mimi nimekaa na leso ya karatasi mkononi.

Wendell akarudi kwenye kiti chake. Nikamuuliza amekwambia nini? Akasema: "Kasema nikuangalie ule. Umekonda."

Nikainuka. Nikapita jikoni, watu wananipisha, nikatokea kwenye lango la nyuma wanapopitia wafanyakazi. Gari lao dogo lilikuwa linaondoka. Mlinzi akanizuia kwa mkono, kwa upole, akasema huku si kwa wageni, madam, utachafua viatu. Nikaita Mama. Gari likaenda.

Tashoya alikuwa pale anasubiri kubadilishana zamu. Nikamwambia ulisema huna maneno.

"Si mimi, dada Pansy. Dada wa kufulia alikuona Jumamosi mlipoingia. Bi Ionie alijua tangu Jumapili, kabla hajaenda kanisani. Akatukataza wote tusikuguse. Alisema anakuja mwenyewe, mwacheni apumzike kwanza."

Tangu Jumapili. Kabla ya simu. Aliniuliza baridi ikoje akiwa anajua niko wapi, nikamjibu, akaniambia nivae soksi. Na Jumatatu akangoja. Jumanne akangoja. Jana alikuwa uani, na teksi ilisimama pale kona ya juu muda mrefu. Hakuna teksi inayosimama pale.

Nimempigia. Simu inaita tu.

Jumamosi, 8 Machi

Naandikia barazani kwa Mama. Daftari liko gotini.

Tumetoka hotelini mapema na mabegi yote. Ndege ni mchana. Dereva tuliyempata ni yule yule wa Alhamisi, akafungua buti ya gari, akaniuliza, "Leo tunashuka?" Nikasema leo tunashuka. Wendell hakuelewa na sikumweleza.

Nimepanda ngazi, nimepiga hodi. Ndani redio inaimba nyimbo za kanisa. Vitunguu vinakaangwa. Nikaita: Mama, ni mimi, Pansy. Nikaegemea mlango, nikasema yote. Kwamba nilichoka. Kwamba nilidanganya, tena si mara moja. Kwamba nilimwona akicheza hapa uani na sikumbuki kumwona mzuri hivyo, na nikakimbia. Kwamba jana nilisema ndiyo mbele ya watu na sijalala. Nilisema mpaka sauti ikaniisha. Bi Merlene yuko kwenye ua wake na beseni la nguo zilizofuliwa, hajaanika hata moja.

Kisha vile vipande vya kioo vya dirisha vikafunguka kidogo. Sura sikuiona.

"Madam unamtafuta nani?"

"Nakutafuta wewe, Mama."

"Wageni hukaa hapo barazani. Kaa. Utaletewa kitu cha kunywa."

Nikakaa. Ningefanya nini? Ukapita muda. Mkono wake ukatokea dirishani na maji ya limau, akayaweka kwenye kizingiti, kisahani chini, leso imekunjwa pembetatu. Bilauri ni ya kabatini. Zile ambazo mimi nilichapwa kwa kuzigusa tu.

Wendell kasema asante, mama, kutoka uani. Akajibiwa: "Karibu, baba. Wewe huna kosa."

Hapo Bi Merlene hakuweza kuvumilia tena. Akaita juu ya ua: "We Pansy! Tangu lini ukapita huo mlango? Huo si wa mchungaji?"

Kweli. Mlango huu wa mbele ni wa mchungaji na watu wa sensa. Siku ya mazishi ya Baba jeneza lilipita hapo. Sisi tuliozaliwa humu hatukuwahi kuutumia, si mimi wala kaka zangu. Tulizunguka nyuma, kupita tangi la maji, tukaingia jikoni bila hodi, tukifunua sufuria. Na leo nimepanda ngazi hizi, nimesimama wima na mkoba begani, nimegonga mlango kwa vidole. Kwetu. Kama muuza bima.

Redio imezimwa. Sasa nasikia kijiko tu.

Mlango wa jikoni siuoni kutoka hapa. Huenda uko wazi, huenda ametia komeo. Bi Merlene kwake anauona, lakini nikimtazama anageukia nguo zake. Wendell ananionyesha saa, dereva amewasha gari. Maji ya limau sijayagusa. Ninavua viatu, maana huko nyuma pana tope.